Kwa Buka

Kadi ya jina aliyokabidhiwa Nevyana ilikuwa ya mumewe. Ilichapwa kwa herufi nene za buluu, SABETAI, na chini yake, kwa herufi ndogo, mji wake, Vidin. Mwanamke aliyekaa nyuma ya meza ya mapokezi alimtazama, akaitazama kadi, akamtazama tena.

"Samahani, mama. Mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Mimi ni mke wake. Nimekuja kuzungumza badala yake."

Mwanamke yule aliitwa Zelma. Siku za kawaida alikuwa daktari wa meno mjini Plovdiv, lakini kwa siku hizi tatu alikuwa mwenye kugawa vyumba, kadi, na funguo. Ndivyo lilivyokuwa tamasha lile la Wayahudi wa Bulgaria, la kujifunza. Hakuna aliyelipwa, na kila mtu, awe msemaji au msikilizaji, alijigharimia mwenyewe. Aliyekuwa akipanga viti ukumbini alikuwa jaji mstaafu, na aliyemimina chai alikuwa mhandisi wa madaraja. Watu mia tatu na zaidi walikuwa wameijaza hoteli ile ya Hisarya, wakikumbatiana kwenye ngazi na kuitana kwa majina ya utotoni.

Zelma alifungua ratiba. Nevyana, ambaye macho yake yalishazoea kusoma maandishi yaliyopinduliwa, aliliona jina la mumewe kabla ya Zelma kuliwekea kidole. Lilikuwa limechorwa mstari mweusi.

"Tulisikia habari za kiharusi," Zelma alisema, sauti ikishuka. "Tukaona tusimsumbue."

"Mlisikia kwa nani?"

"Kwa… watu tu, mama. Unajua habari zinavyotembea."

"Simu yetu ni ile ile miaka thelathini. Haikulia."

Zelma alishika shavu. Hakuwa mtu mbaya. Usingizi wenyewe alikuwa nao wa saa tatu kwa siku mbili, na foleni nyuma ya Nevyana ilishafika mlangoni. "Tulidhani ndiyo heshima," alisema.

Nevyana aliliegemeza mezani bomba refu la karatasi ngumu, lenye ramani ya mumewe, alilokuwa amelibeba kwenye treni na basi kutwa nzima. "Amefanya kazi hii miaka ishirini," alisema. "Nipe mlango na ukuta. Sihitaji kingine."

Zelma alipekua kurasa mbele, akarudi nyuma. "Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi, chumba cha watoto. Lakini sikufichi, mama. Saa hiyo hiyo yule mpishi kutoka Istanbul yuko ukumbi mkubwa. Watu wote watamkimbilia huko."

"Na wakimbie."

Zelma aliigeuza ile kadi, akaandika nyuma yake kwa kalamu: Nevyana. Mkono wake ulisita, kana kwamba alitaka kuuliza jambo moja zaidi, kisha akampa.

*

Ijumaa jua lilipozama waliwasha mishumaa ya Sabato. Nevyana alisimama walipokuwa wakisimama, akakaa walipokuwa wakikaa, kila mara akichelewa kidogo, kama mtu anayecheza ngoma aliyoizoea kwa kuitazama dirishani. Miaka arobaini na minne aliishi na Sabetai, na nyumbani maneno ya sala ile aliyajua yote. Lakini nyumbani walikuwa wawili tu. Hapa watu mia tatu waliimba, na sauti yake ilikataa kutoka.

Mezani alimpata jirani mwenye shati jeupe na shavu jekundu, mtu mchangamfu wa Sofia.

"Wewe wa ukoo gani?"

"Arditi."

"Arditi wa Ruse au hawa wa kwetu Sofia?"

"Wa Vidin. Ni mume wangu."

"Na wewe mwenyewe, kwa wazazi?"

"Wazazi wangu walitoka kijijini. Wakristo."

"Aa," yule bwana alisema, kwa upole kabisa, akamsogezea mkate. Kisha akageukia upande wa pili, kulikokuwa na binamu wa rafiki yake wa jeshini. Nevyana alikula bilinganya zake. Kila aliyepita aliisoma kadi kifuani kwake, akatabasamu, akaenda kwa aliyemfahamu.

*

Sabetai alikuwa mpimaji ardhi. Alipostaafu alianza kupima kitu ambacho hakipo tena, yaani mtaa wa Wayahudi wa Vidin kama ulivyokuwa kabla ya mwaka arobaini na nane, wakati karibu watu wote walipofunga mizigo wakaenda Israeli. Familia yake ilikuwa miongoni mwa chache zilizobaki. Alikua akicheza peke yake kwenye nyua zilizokuwa za wenzake. Aliandika barua Yafo na Haifa, akawahoji vikongwe, akachimbua hati. Akachora nyumba mia mbili na kumi na nne kwa wino, kila moja na kisima chake na ngazi zake, na ndani ya kila moja akaandika, kwa mwandiko mdogo kama chawa, nani aliishi humo na alifanya kazi gani.

Mwezi Machi alianguka bafuni. Mkono wa kuume na mguu wa kuume vikafa, na maneno yakamkimbia yote isipokuwa moja. Ukimuuliza kama ana njaa, atajibu "kesho." Ukimuuliza kama anaumwa, "kesho." Daktari alisema ni bahati, wengine huwabakia tusi.

Katika kiangazi Nevyana aliikunjua ile ramani ili ajifunze kuielezea. Ndipo alipoiona. Pembeni, pale njia inapopinda kuelekea mtoni, palikuwa na nyumba ndogo kuliko kucha. Kisima kipo, ngazi tano zipo, ila jina hapana. Nyumba mia mbili na kumi na tatu zilikuwa na wenyewe, hii moja ilikuwa tupu.

Aliitambua kwa ngazi zake. Alizaliwa humo. Baba yake, kuli wa bandarini, aliinunua mwishoni mwa mwaka wa arobaini na nane. Kwenye ngazi zile zile Sabetai alisimama na shada la maua mwaka wa sabini na nne, kuja kumposa.

"Sabo," alimwambia siku ile, "hapa mbona hukujaza?"

"Kesho," Sabetai alisema, akageuzia uso dirishani.

Na jina la mwenye nyumba Nevyana alilijua, hilo ndilo lililomchoma. Mtaani hawakumwita kwa jina la baba. Walimwita Nevyana wa kwa Buka. Mpaka shule ya msingi aliona ni jina tu, kama vile mtu anavyoitwa wa mtoni au wa kilimani. Alipokua na kuelewa kwamba Buka alikuwa mtu, hakuuliza alikuwa nani. Mama yake naye hakuwa mtu wa kuulizwa. Baadaye nyumba ilibomolewa wakajenga maghorofa, wazazi wakafa, na Nevyana akadhani jambo lile limefukiwa pamoja na matofali. Kumbe lililala kitanda kimoja naye miaka yote hiyo, kwenye kifua cha mumewe.

Jumamosi alasiri, watu wakiwa kwenye mihadhara, aliketi chumbani hotelini na ramani na penseli. Aliandika ndani ya ile nyumba, kwa wepesi sana: haijulikani. Akaisoma. Akaifuta, akapuliza vumbi la kifutio. Kisha akatoka nje, nyuma ya bwawa la maji moto, akapiga simu nyumbani.

"Supu kaikataa, mtindi kala," alisema Penka, jirani aliyebaki na mgonjwa. "Amekaa dirishani. Nimpe simu?"

"Mpe."

Alisikia pumzi. Alingoja hata hilo neno moja, halikuja.

"Sabo, ni kesho asubuhi," alisema. "Nitakuwakilisha vizuri." Pumzi ikaendelea, kisha Penka akaichukua simu.

Hakukaa sana simu ikalia yenyewe. Alikuwa Joya, binti yao, kutoka Haifa.

"Mama, Penka kaniambia uko huko, na waliyoyafanya. Umemwacha baba?"

"Siku tatu tu."

"Kwa watu waliomkata jina kwenye ratiba bila hata kuuliza hali? Piga picha ile ramani unitumie, nitaipeleka mahali pa kuhifadhiwa. Kwa nini ujidhalilishe?"

"Baba yako alitaka izungumzwe, si ihifadhiwe."

"Na wewe utazungumza nini, mama? Wewe hukuwa…" Joya hakulimalizia neno lile, na Nevyana hakumsaidia.

"Umekula, mwanangu?" aliuliza.

"Nimekula."

"Haya. Usiku mwema."

Ilikuwa saa kumi alasiri. Wote wawili walisikia kosa lile, hakuna aliyelirekebisha.

*

Chumba cha watoto kilikuwa na zulia la rangi zote, viti vya kimo cha goti, na kuta za vigae zilizogoma kabisa kushika gundi ya karatasi. Ramani ilibandikwa mara tatu, mara tatu ikadondoka. Mwishowe Nevyana aliitandaza sakafuni, akaikandamiza pembeni kwa vipande vya mbao vya kuchezea. Ukuta wa kando ulipitisha vicheko na harufu ya vitunguu. Mpishi wa Istanbul alikuwa ameshaanza.

Wa kwanza kuingia alikuwa mzee mrefu mwenye kifaa sikioni.

"Hapa ndipo kwenye mazoezi ya mgongo?"

"Hapana, mzee. Hapa ni ramani ya Vidin."

"Viti vipo?"

"Vya watoto."

Mzee alikitazama kiti, akajishusha kwa hatua nne, huku akiguna kila hatua. "Basi ndiyo hivyo. Nikishakaa, sinyanyuki. Jina langu Leon Pinkas. Endelea."

Wakaja mtu na mkewe, wakakaa dakika kumi, wakasikia vicheko vya jirani, wakatoka kwa kunyata. Zelma alisimama mlangoni na makaratasi yake, ilionekana wazi kwamba alikuja ili chumba kisiwe kitupu. Nevyana alisoma kutoka kwenye kurasa alizozipiga chapa Sabetai. Alisoma vipimo na tarehe, alijikwaa kwenye majina.

"Ongeza sauti," alisema Leon Pinkas. "Unamwambia nani, mbao?"

Hapo ndipo alipoingia mwanamke mfupi wa miaka karibu themanini, suruali ya buluu, viatu vyeupe vya michezo. Alisimama kwenye ukingo wa ramani bila kusalimu mtu. Alitazama chini kwa muda. Kisha akainama, akavua viatu, akavipanga ukutani, na akakanyaga karatasi kwa soksi.

"Mama, tafadhali," Zelma alisema, "hiyo ni kazi ya mtu."

"Mwache," alisema Nevyana.

"Natembea taratibu," alisema yule bibi. Kibulgaria chake kilikuwa chepesi na kisafi, cha mtoto wa miaka minane, kwa sababu kilisimama alipokuwa na umri huo. "Mimi ni Luna. Nimetoka Yafo. Mke wa mwanangu kaenda kwa mpishi, nikamwambia mimi naenda nyumbani." Aliweka kidole cha mguu. "Hii sinagogi. Hapa mwuza halua, mtu mwenye jicho moja. Hapa nilianguka nikavunja jino. Hapa… ngojeni." Alipinda kona, akasimama. "Hapa kwetu."

Nevyana alipiga magoti kando yake, akasoma: "Nisim Mashiah, fundi saa. Mkewe Rashel. Watoto watatu."

"Wanne," Luna alisema. "Mdogo alikufa kabla hatujaondoka. Hata jina alikuwa nalo. Pepo."

Nevyana alichukua penseli, akakata tatu, akaandika nne. Mkono wake ulikuwa imara. Kwa dakika ile alikuwa na furaha, aliona kwamba Sabetai angefurahi.

Luna aligeuka, akauangalia upande wa pili wa njia. "Na hapa? Mbona hamna kitu? Hapa ni kwa Buka."

Tangu mama yake afe, Nevyana hakuwa amelisikia neno lile kwenye kinywa cha mtu mwingine.

"Mume wangu hakumaliza," alisema.

"Basi andika!" Leon Pinkas alisema. "Mtu kakupa jina bure, unangoja nini?"

Penseli ilikuwa mkononi. Nevyana aliishusha mpaka karibu na karatasi, ikagoma hapo. Kicheko kikubwa kilitoka ukumbi wa pili, watu wakapiga makofi.

"Si kweli," alisema. "Alimaliza. Hapa alipaacha makusudi." Hakuwatazama. "Hapa nilizaliwa mimi. Baba yangu ndiye aliyeichukua nyumba."

Zelma mlangoni aliacha kupangua makaratasi. Leon Pinkas aligusa kifaa cha sikio, kuhakikisha amesikia sawa. Luna alibaki amesimama juu ya nyumba ya baba yake mwenyewe, soksi zake nyeupe zikiwa pamoja.

"Alinunua au alipewa?"

"Alinunua."

"Kwa bei gani?"

"Mama alikuwa akisema, kwa bei ya nyumbu."

"Nyumbu mzuri?"

"Kilema, nafikiri," Nevyana alisema. "Sisi tulikuwa maskini."

Leon Pinkas alicheka, akajikuta anacheka peke yake, akakohoa.

"Walikuwa na haraka, meli ilikuwa inangoja," Luna alisema. "Hata angewaletea sungura wangechukua." Aliitazama tena ile nyumba tupu. "Jikoni kwa Buka palikuwa na jiwe jeupe la kusukumia unga. Pana hivi. Laini, baridi hata wakati wa joto. Alilipata kwa mama yake. Tukiligusa na mikono michafu alitupiga vidole kwa mwiko. Mlilikuta?"

Nevyana angeweza kusema hapana. Hakuna aliyekuwa pale ambaye angempinga.

"Tulilikuta."

"Likawaje?"

"Choo kilikuwa nje, uani. Mvua ikinyesha palikuwa na matope. Mama alilitoa jikoni akaliweka mlangoni pa choo, tukanyage."

Hata Leon Pinkas alitazama magoti yake. Uso wa Luna ulikuwa umezeeka ghafla, na Nevyana alitamani apigwe, atukanwe, chochote kile, ili wawe na la kufanya.

"Mumeo alijua?" Luna aliuliza mwishowe.

"Alijua tangu siku aliyokuja kunichumbia. Alilikanyaga, akasimama akalitazama, kama mtu aliyelijua tangu utotoni. Hakuniambia kamwe."

"Basi alikupenda kuliko alivyompenda Buka."

Nevyana hakujua kama ilikuwa sifa au lawama. Alidhani Luna mwenyewe hakujua.

Bibi yule aliketi chini, pale pale sakafuni, miguu ikinyooka juu ya njia. Alizungumza akiwa anautazama ukuta wa vigae.

"Tulipofika Yafo tulipewa nyumba. Ya mawe, dari juu sana. Mezani kulikuwa na vikombe sita vya kahawa. Vichafu. Wenyewe, Waarabu, waliondoka kabla hawajaviosha. Mama aliviosha, tukavitumia. Kimoja bado ninacho, natilia vifungo vya nguo." Alikwangua kitu kisichoonekana kwenye soksi. "Sikuuliza vilikuwa vya nani. Nilikuwa na miaka minane. Halafu nikawa na ishirini, halafu nikawa na hamsini. Bado sikuuliza."

Zelma alikuwa ameketi kwenye kiti cha mtoto bila kutambua.

"Andika," Luna alisema, kwa sauti nyingine, ya ukali kidogo, kama mwalimu. "Buka Farhi. Mume wake Haim, mwuza kamba. Watoto Viska, Alber, na Matika. Matika alikuwa na kigugumizi. Hicho usiandike."

Nevyana aliandika. Nafasi ilikuwa ndogo, ilimbidi achonge penseli mara mbili. Alipomaliza, Luna aliinama akasoma herufi moja moja, midomo ikisogea.

"Na chini yake mwandike baba yako," alisema.

"Hapana."

"Aliishi humo. Si ndiyo ramani? Nani aliishi wapi."

"Ramani ya Sabetai inaishia mwaka wa arobaini na nane."

"Inaishia pale mlipochoka," alisema Luna. Akanyoosha mkono ili ainuliwe. Nevyana alimwinua. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Alivaa viatu bila kukubali kusaidiwa, akafunga kamba kwa mafundo mawili.

"Msalimie mumeo," alisema mlangoni. "Mwambie, watoto wa Mashiah walikuwa wanne."

Hakumkumbatia. Katika hoteli ile ambayo kila mtu alikumbatiwa kwa siku tatu mfululizo, walitengana kwa kutikisa kichwa tu.

Zelma alisaidia kuikunja ramani. Walipofika katikati alisema, "Mama, mwakani tutakutafutia ukumbi mzuri zaidi."

"Asante."

"Kweli kabisa."

"Nimesikia, mwanangu. Asante."

Nyuma yao Leon Pinkas aliomba mtu wa kumnyanyua.

*

Treni ilimfikisha Vidin Jumatatu adhuhuri. Penka alitoa taarifa akiwa tayari ameshavaa koti: choo mara moja, dawa zote, usiku kaamka mara mbili akitafuta kitu kitandani kwa mkono wake mzima. "Alikuwa anakutafuta wewe, nafikiri," alisema. "Au miwani." Akaenda zake.

Sabetai alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuwa amenyolewa vibaya, na upande wa kuume wa kidevu ulibaki na mvi. Nevyana aliweka supu mezani, kisha, bila kuvua skafu, akamtandazia ramani magotini, ncha zake zikimwagika mpaka sakafuni.

"Kwanza hili. Fundi saa Mashiah. Walikuwa wanne, mdogo aliitwa Pepo. Binti yao alikuja. Luna. Alitembea juu ya ramani yako kwa soksi, Sabo, toka sinagogi mpaka kwao, hakupotea hata hatua moja."

Jicho lake la kushoto lilichangamka. Kidole kilifuata njia, kikafika kwa Mashiah, kikagonga ile nne mara mbili, kwa kuridhika, mtindo wake wa zamani wa kuhakiki kipimo. Nevyana alicheka. Kisha kidole kikavuka njia.

Aliona jicho likisoma. Buka Farhi. Haim, mwuza kamba. Viska, Alber, Matika. Lilisoma tena toka mwanzo.

Halafu mkono wake mzima ukafunguka, ukashuka juu ya ile nyumba na kuifunika yote, pamoja na kisima na ngazi.

"Acha, Sabo," alisema. "Niliwaambia. Niliwaambia mimi mwenyewe, hata lile jiwe." Akavishika vidole vyake, akavinyanyua kimoja baada ya kimoja.

Sabetai akaurudisha mkono. Hakumtazama. Midomo yake ilihangaika, na hata neno lake moja halikutoka.

Nevyana alivinyanyua tena. Vikarudi, na safari hii kwa nguvu, karatasi ikatoa sauti ya kukunjamana. Alitaka kumwuliza kama amekasirika. Alitaka kumwuliza ni nani anayefichwa sasa, ni yeye Nevyana, au Buka, au ni yule kijana mwenye shada la maua aliyekanyaga jiwe akanyamaza. Kwa miaka arobaini na minne angeweza kumwuliza na angejibiwa. Sasa hakuuliza, kwa kuwa hata lile neno moja la kujibiwa halikuwapo.

Alivuta kigoda, akaketi. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, si kuunyanyua tena, ila kuuweka tu hapo. Ulikuwa na joto, na mishipa yake ilipiga kwa kasi. Walikaa hivyo, mkono juu ya mkono, juu ya nyumba ndogo kuliko kucha, mpaka supu ikapoa na kufanya utando.